Chiriku Hucheka Ukianguka

Siku ile viazi viliiva mapema. Mama Chiriku aliweka sahani tatu mezani, akakunja pazia la mteja alilokuwa akilishona tangu asubuhi, akamwambia mumewe aachane na redio za watu aje kunawa. Mumewe alikuwa fundi wa redio na runinga, na kama mafundi wote alijibu "nakuja" bila kuinua kichwa. Mlango wa jikoni ukafunguka. Mtoto akaingia, miguu inachuruzika maji, akapita juu ya sakafu iliyopigwa deki sasa hivi.

"Chiriku! Mara ngapi nimekwambia ujifute miguu?"

"Nimeanguka tena, mama," akasema mtoto, akacheka.

"Na wewe kila siku kuanguka. Hebu kaa ule."

Chiriku akala, akasimulia habari ndefu isiyo na kichwa wala miguu, akaomba kiazi cha baba yake akapewa. Alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita, akiwa na miaka sita, kwa homa iliyoanza kama mafua ya kawaida. Wazazi wake walilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana ndio waliomzika. Kifo chake walikwisha kukizoea. Kilichowakosesha usingizi ni kampuni.

Zamani Baba Chiriku hakuwa fundi wa redio. Aliajiriwa na kampuni ndogo iliyotengeneza michezo ya runinga, ile ya kaseti, ambayo ukichomeka ikakataa kuwaka unaichomoa, unaipuliza vumbi, unaichomeka tena. Alitunga mchezo wa tarishi anayevuka mto kwa kurukaruka juu ya mawe, mfuko wa barua begani. Ukikosea jiwe, tarishi anatumbukia majini na mtoto anacheka. Kampuni haikuwa na chumba cha kurekodia, kwa hiyo sauti zote alizirekodi nyumbani, jikoni. Tarishi anapotumbukia, kile ni kiazi kinachotupwa ndani ya ndoo. Kicheko ni cha binti yake, aliyerushiwa maji ya ndoo hiyohiyo. Binti alikuwa na jina lake zuri tu, lakini kwa vile hakunyamaza tangu anaamka mpaka analala, mtaa mzima ulimwita Chiriku, na wazazi wakaitwa kwa jina hilo hata baada ya kumzika.

Picha zake walikuwa nazo. Sauti yake ilibaki kwenye kaseti peke yake.

Kampuni ndogo ikafa. Ikanunuliwa na kubwa, kubwa ikamezwa na kubwa zaidi, mpaka tarishi wa watu akaangukia mikononi mwa kampuni ya mbali inayouza bima na viti vya ofisi. Kampuni hiyo haikuuza mchezo ule, wala haikuwa na nakala yake. Madukani huupati hata kwa dawa. Basi watu waliokua wakiucheza, sasa wana vitambi na vipara, wakaanza kuulizana mtandaoni nani anao. Baba Chiriku akaitoa kaseti kabatini, akaipuliza vumbi, akaunakili mchezo kwenye kompyuta, akaupandisha kwenye tovuti aliyojitengenezea mwenyewe. Atakaye apakue, bure.

Jioni hiyo palikuwa na nyayo za maji jikoni, ndogo, za miguu ya mtoto. Mama Chiriku akachukua tambara akazipangusa. Alipofika kwenye unyayo wa mwisho akakaa chini sakafuni na kulia kwa furaha, na mumewe akakaa kando yake na bisibisi mkononi.

Watu wakapakua, na wengi wakaanguka. Kila mtu alipoanguka, popote pale duniani, mtoto alicheka, na kila alipocheka aliongezeka. Baada ya nyayo ikaja sauti tu kwenye ukumbi. Kisha kikaja kivuli. Kisha mwili, wenye uzito wa kulifanya godoro lizame.

Wazazi hawakuchelewa kuelewa jambo lenyewe linavyokwenda. Mchezaji hodari hakuwafaa kwa lolote. Anauvuka mto mzima miguu mikavu na mtoto hasikiki. Waliowafaa ni wazembe. Kulikuwa na mtu mmoja wa nchi za baridi, aliyejiita Vidole Gogo, aliyeandika kwenye tovuti kwamba tangu utoto hajawahi kulifikia jiwe la tano. Mama Chiriku alimwombea dua kila jioni.

"Mungu ampe maisha marefu," alisema, "na asijifunze."

Yeye mwenyewe alicheza kila siku kabla ya kuinjika chungu, na kila siku alianguka kwa makusudi, leo jiwe hili, kesho lile. Ng'ambo ya mto hakuwahi kuiona.

Kampuni iligundua kwamba ina mchezo pale ilipoajiri watu wa kuzisaka mali zake ilizozisahau. Kwa kuwa haikuwa na nakala, ikaupakua kutoka kwa Baba Chiriku ili ihakikishe kama ni wake. Ikahakikisha. Kesho yake tovuti haikufunguka. Palikuwa na ukurasa mweupe unaosema yaliyokuwemo yameondolewa kwa ombi la mwenye hakimiliki. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hii iliua.

Jioni hiyo Chiriku alikuja bila kivuli. Siku zilizofuata kijiko kikawa hakishikiki. Hakukiangusha, kilipita tu katikati ya vidole vyake. Mama yake akawa anamlisha. Waliokuwa wamepakua waliendelea kupeana chini kwa chini, na kampuni ikawafuata mmoja mmoja hadi majumbani. Vidole Gogo alimwandikia Baba Chiriku kwamba anaogopa mahakama, ameufuta, wamsamehe. Hawakumlaumu. Mama Chiriku alijifunika uso kwa pazia la mteja, akalia humo ndani, kisha akalifua na kulipiga pasi.

Baba Chiriku akaenda kwa kinyozi wa jirani. Kinyozi alikuwa akimpunguza Chiriku nywele alipokuwa hai, na mara mbili baada ya hapo.

"Wateja wako wakisubiri zamu, wape simu yenye mchezo wacheze," Baba Chiriku alimwambia.

"Wakishindwa je?"

"Nataka washindwe. Wakianza kuuzoea, wanyang'anye, wape wengine."

Kinyozi akafanya hivyo. Wateja wakawa wanatumbukia mtoni huku wakisubiri kunyolewa, wanapiga makofi na kutukanana, na Chiriku akarudiwa na kivuli. Akashika kijiko mwenyewe. Mama yake akaanza kumgombeza tena kwa sababu ya sakafu, na nyumba ikawa nyumba. Halafu kampuni ikamwandikia kinyozi kwamba vifaa vyake vitachukuliwa na duka litafungwa. Akaja mwenyewe kusema, akasimama mlangoni akizungusha kofia mkononi.

"Baba Chiriku, na mimi nina watoto."

"Najua."

"Wangu wako hai." Hakuwa na nia mbaya.

"Najua, ndugu yangu. Nenda kwa amani."

Wakili wa kampuni alifika alasiri moja, bila askari. Alikuwa msichana mpole, wa umri ambao Chiriku angekuwa nao. Alivua viatu mlangoni, akawaamkia shikamoo wote wawili, akakaribishwa chai. Alipoulizwa habari za safari alisema nzuri. Jua lilipotua mtoto akaingia kwa mlango wa jikoni, miguu imelowa kidogo tu, maana siku hiyo aliyeanguka ni mama yake peke yake. Wakili akamtazama kuanzia nywele hadi miguu.

"Hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Ndiye huyu?"

"Ndiye," alisema Baba Chiriku.

Wakili akaeleza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa. Baba alipoajiriwa alitia sahihi kwamba mchezo ni mali ya kampuni, pamoja na vyote vilivyomo na vyote vitakavyotokana nao. Kicheko kimo ndani ya mchezo. Mtoto ametokana na kicheko.

"Huyu ametoka tumboni mwangu," alisema Mama Chiriku.

"Yule wa kwanza ndiyo, mama. Huyo hakuna anayebishana na wewe."

"Tuuzieni," alisema Baba Chiriku.

"Hauuzwi, baba."

"Kwani mnaufanyia nini?"

"Kwa sasa hakuna mpango wowote."

"Basi tuazimeni. Siku mkipata mpango, njooni mchukue."

"Nililiuliza hilo kabla sijaja. Hawana utaratibu wa kuazima."

Baba Chiriku akashuka kitini, akapiga magoti sakafuni pale penye maji. Mzee mzima, na mvi zake, mbele ya binti ambaye angeweza kuwa mwanawe. Wakili aliruka kama aliyemwagiwa chai ya moto.

"Inuka, baba! Unaniletea laana. Mimi nimetumwa tu."

"Basi waambie hukutukuta."

"Watamtuma mwingine, na huyo mwingine hatavua viatu."

Hilo lilikuwa kweli, na wote wanne walilijua. Wakili akasema atachukua kaseti, kompyuta na mtoto. Mama Chiriku akaomba acheze mara moja ya mwisho.

"Cheza, mama. Hata ukichelewa, nitasubiri umalize."

Mama Chiriku akayashika maneno hayo. Mchezo usipokwisha, mtoto haondoki. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akacheza ili asianguke. Na mtu aliyeanguka kutoka kila jiwe kwa makusudi anayajua mawe yote, lipi linazama, lipi linateleza, lipi ni kobe. Tarishi akaruka, akaruka, akaruka. Mumewe alisimama nyuma yake ameshikilia mgongo wa kiti. Wakili aliketi na mikono mapajani. Nje giza likaingia na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Miguu ya Chiriku ikakauka. Kisha ikawa haipo. Duniani kote hapakuwa na mtu mwingine anayecheza, na mama yake haanguki. Mtoto akabaki kuanzia kiunoni, halafu kuanzia kifuani, amekaa mezani na kiazi chake.

"Mama," akasema, na sauti ilitoka mbali, kama mtu aliye nyumba ya pili. "Anguka."

"Nikianguka watakuchukua."

"Usipoanguka mimi sipo."

Mama Chiriku akamrusha tarishi kwenye jiwe jingine. Machozi yalimtiririka na vidole havikusimama. Ng'ambo ya mto ikatokea: ukingo wa kijani, na juu yake nyumba ndogo yenye mlango wa bluu.

"Hiyo ni nyumba ya nani?"

"Yetu hii," alisema mumewe. "Niliichora wakati ule."

Lilibaki jiwe moja. Mama Chiriku aliitazama nyumba, akamtazama mwanawe aliyebaki uso, akamtupa tarishi majini. Kiazi kikatumbukia ndooni. Mtoto akacheka, akarudi hadi kiunoni. Tarishi alikuwa na roho tatu. Ya pili ikaenda kwenye jiwe la kwanza kabisa, na mtoto akawa mzima, miguu inachuruzika. Hapo Mama Chiriku akampa mumewe kidhibiti cha mchezo, akampakata mtoto.

"Angusha wewe," alisema. "Mimi nataka nimshike akiwa anacheka."

Baba Chiriku hakuweza upesi. Mikono ilimtetemeka, na kwa kutetemeka kule tarishi akaanguka mwenyewe. Kile kicheko Mama Chiriku alikisikia kwa kifua zaidi kuliko kwa masikio. Mtoto alikuwa mzito, amelowa, ananukia sabuni. Kioo kikauliza kama wanataka kuanza upya. Wakili akachomoa waya.

Mama Chiriku alimvalisha mwanawe sweta na soksi kavu, akamfunga vifungo vyote.

"Usimsumbue dada njiani."

"Sitamsumbua," alisema Chiriku. Alimshika wakili mkono, akaanza kumsimulia habari ndefu, na walikuwa wakiongea bado walipoingia garini. Kinyozi aliinua mkono akiwa mlangoni pa duka lake.

Baada ya muda wakili alipiga simu. Aliwaamkia wote wawili. Mtoto alifika salama, alisema, yuko stoo ya kampuni, amepewa kiti kizuri cha ofisi, kile kinachozunguka.

"Anasemaje?" aliuliza Mama Chiriku.

"Hasemi, mama."

"Chiriku hasemi?"

"Hakuna anayecheza. Mara ya mwisho nilipopita niliona sweta."

Mama Chiriku akauliza kama huko hakuna mtu wa kuanguka hata mara moja kwa wiki, mlinzi, mfagizi, yeyote. Wakili akasema ataulizia. Aliulizia kweli, na akajibiwa kwamba kwa sasa hakuna mpango wowote. Alipiga tena kuwaambia, akalia kwenye simu, na Mama Chiriku ndiye aliyembembeleza, akamwambia anyamaze, mwanangu, wewe umetumwa tu.

Viazi huiva saa ileile. Mama Chiriku huweka sahani tatu, humwita mumewe, na mumewe hujibu "nakuja" bila kuinua kichwa. Jua likishatua, Mama Chiriku huchota maji kikombe kimoja, huyamwaga sakafuni pale mlangoni pa jikoni, kisha huchukua tambara na kupiga magoti.

"Mara ngapi nimekwambia ujifute miguu?" husema, na hupangusa mpaka pakauke.