Farasi Waliomsimamia Hatamu

Alama ya kwanza ilikuwa mstari wa chaki, haujafika urefu wa kidole, chini ya komeo la kizimba cha farasi jike aliyeitwa Mabaka. Fundi wa maabara aliuona Jumanne moja alipokuja kutoa damu, akadhani ni mchezo wa mtu. Siku tisa baadaye majibu yakatoka. Damu ya Mabaka ilikuwa mbaya.

Dada huyu alikuwa akimfanyia kazi daktari wa mifugo aliyetaka kujua kama ugonjwa wa utumbo wa farasi unaweza kutambuliwa kwa damu peke yake, bila kumkata mnyama kipande cha utumbo. Ukuta wa utumbo ukivimba, kuna protini inayopanda ghafla kwenye damu. Nyingine, albumini, ile inayozuia maji yasitoke kwenye mishipa, huvujia tumboni na kupotea na mavi. Farasi mwenyewe bado anakula, bado anakimbia. Siku utakapoona mbavu zake, maji yameshazidi unga. Kwa hiyo kila Jumanne alipitia farasi kumi na wanane, akatoa damu shingoni, akaipeleka maabara kusubiri zamu.

Zizi lilikuwa mikononi mwa mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye watu wote walimwita Hatamu kwa sababu alikuwa amewashikia watu farasi tangu hajaota ndevu.

Mabaka alikufa. Chaki ikahamia kwa farasi dume mzee, na yeye majibu yake yakaja vilevile, na yeye akafa. Mpwa akaona sasa aulize.

"Mjomba, unayachungulia majibu yangu?"

"Majibu yako yapo maabara. Mimi nipo hapa na koleo la mavi."

"Chaki ni ya nani?"

"Chaki ni yangu. Ila anayejua si mimi." Akaashiria uani kwa kidevu. "Wanajua wao. Leo usikimbilie kuondoka. Kaa mpaka saa sita."

Akakaa. Jua lilikuwa la utosi. Farasi kama kumi na mmoja walikuwa uani wakitafuna nyasi kavu, na ule mtafuno wao ukawa ndiyo sauti pekee ya pale. Kisha ukakoma. Haukupungua kidogo kidogo. Ulikoma wote kwa pamoja, kama watu walioitwa jina. Farasi mweusi aliyeitwa Masizi alikuwa amesimama katikati. Wenzake wakamwendea mmoja mmoja, wakajipanga nusu duara, wakashusha vichwa mpaka usawa wa tumbo lake. Hawakumnusa wala kumgusa. Masikio yote yalielekea mbele. Nzi waliwatulia kwenye pembe za macho na hakuna aliyepepesa, hakuna mkia uliopiga. Masizi naye alitulia, ila ngozi ya ubavu wake ilikuwa ikitetemeka.

Ikapita robo saa. Kisha mmoja akapiga chafya, wakatawanyika, wakarudi kwenye nyasi zao.

Mpwa alihisi jasho la mgongoni limekuwa baridi. Alichukua sindano, akatoa damu ya Masizi kwa mara ya pili siku ile, na alipofika maabara hakungoja zamu. Albumini ilikuwa imeshaanza kushuka. Daktari wa mifugo alimwanzishia Masizi dawa kesho yake asubuhi, wakati farasi mwenyewe bado ananawiri.

Zikapita wiki kadhaa bila chaki. Katika wiki hizo mpwa aliona jambo jingine: mjomba alikuwa haingii uani. Nyasi alizirusha juu ya ukuta. Maji aliyapitisha kwa mpira kutoka nje. Akiulizwa, anasema goti.

Jumanne moja farasi jike mkorofi aligoma kushikwa, akarusha mateke, sindano ikaanguka. Mpwa akaita msaada. Mjomba alisita langoni kwa muda mrefu kuliko goti linavyoweza kumsitisha mtu, kisha akaingia, akamshika farasi hatamu, damu ikatoka vizuri. Alipogeuka aondoke, mtafuno ukakoma.

Walimjia wote. Masizi alikuwa miongoni mwao. Wakajipanga mbele ya mzee, wakashusha vichwa mpaka usawa wa mkanda wake, wakatulia. Mjomba alisimama kama mtu anayepimwa nguo. Wala hakuonyesha kushangaa, na hilo ndilo lililomtisha mpwa kuliko farasi wenyewe.

"Tangu lini, Mjomba?"

"Tangu mvua zilipoanza."

"Mkazamjomba anajua?"

"Usimwambie. Ana presha."

Hapo ndipo alipomtazama vizuri. Mkanda ulikuwa umetobolewa matundu mapya mawili kwa msumari. Suruali ilining'inia, lakini vifundo vya miguu vilikuwa vimejaa hadi soksi zikaacha alama. Miguu ya namna hiyo alikuwa ameiona. Aliiona kwa Mabaka.

"Twende hospitali."

"Nikawaambie nini? Kwamba nimechunguzwa na farasi? Watanipeleka wodi nyingine kabisa." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Waliosimamiwa hivi wote nimewazika mimi, mwanangu. Kwa koleo hili hili. Sasa nikahangaike nini?"

"Wote?"

"Wote."

"Na huyu?" Alimwekea Masizi mkono shingoni, palepale kwenye ile nusu duara. "Huyu umemzika lini?"

Mjomba alimtazama yule farasi.

"Mara ya mwisho wenzake kumsimamia ilikuwa lini? Fikiri, Mjomba. Wewe ndiye unayeshinda nao."

Mzee alifikiri. Midomo ilicheza kama anayehesabu. "Siku ile uliyokuwepo," akasema taratibu. "Hawajarudia tena."

"Albumini yake imepanda tangu alipoanza dawa. Ninayo kwenye karatasi. Wao wanaona ugonjwa. Kifo hawakioni."

Farasi walikuwa bado wameinamisha vichwa. Mjomba aliwaangalia mmoja mmoja, kisha akajipenyeza katikati yao, akaenda moja kwa moja mpaka langoni. Hakwenda hata kunawa mikono.

Hospitali mpwa alisema tu kwamba mjomba wake amekonda na miguu imevimba. Hilo lilitosha. Damu ilipopimwa, albumini ilikuwa chini sana. Walipomwingiza mpira wenye kamera wakakuta utumbo umejaa vidonda, na sehemu moja imesinyaa karibu kuziba. Wakakata kipande cha urefu wa shubiri. Daktari alisema angechelewa mwezi mmoja, habari ingekuwa nyingine. Mkazamjomba aliambiwa yote siku ya upasuaji, na presha haikupanda. Alichopandisha ni sauti, na mumewe akala maneno yake kimya kimya kitandani.

Alirudi zizini baada ya miezi mitatu, mwembamba bado, lakini miguu imekuwa miguu. Mpwa alikuwepo, na mkazamjomba pia. Mjomba alifungua lango mwenyewe, akatembea mpaka katikati ya uani, akasimama. Farasi waliendelea kutafuna. Masizi alinyanyua kichwa, akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyechelewesha pumba, akaendelea na nyasi zake. Mzee alisubiri pale kitambo kirefu, mikono imening'inia. Kisha akakaa chini, kwenye vumbi lenye mavi, akalia.

"Wamenipa mgongo," akasema. "Wote wamenipa mgongo."

Anafanya kazi pale hadi leo. Mkewe humletea chakula kila mchana, lakini haingii. Hufika langoni, akaupitisha mkono wenye bakuli kwenye nafasi ya mbao, macho ameyakaza kwenye viatu vyake mwenyewe, akagonga mara mbili. Siku moja mpwa alimwambia aingie apumzike kivulini.

"Hapana, mama. Mimi nikiumwa nitaambiwa na daktari."

Akageuka kuondoka. Nyuma ya mbao zile mtafuno ulikuwa umekoma, au labda nyasi zilikuwa zimeisha. Mkazamjomba hakugeuza shingo. Mpwa alibaki ameshika komeo, hajaamua kama afungue aone, au amfuate kwanza amsindikize nyumbani.