Sahani ya Bi Mwanakuu

Hanin alikuwa akijaza fomu ya kumi na mbili alipoona kwamba zote zinafanana. Alikuwa akiwauliza wapika mahamri wa Mji wa Kale kama magoti yanawasumbua, na kila mmoja alijibu hajambo, alhamdulillahi.

Lennox, msimamizi wake katika utafiti huo wa zahanati, alikuwa ameiagiza kompyuta ibuni wanawake mia mbili wa mtaa huo na kuwauliza maswali yale yale. Hao walilalamika waziwazi, wakaongeza kwamba watakwenda zahanati wenyewe. Kama Hanin hangepata jipya siku hiyo, mahojiano yangesimama, na zahanati ingepanga matibabu kwa majibu ya mashine. Hanin hakubisha. Huenda mashine ilikuwa imeona asichokiona yeye.

Bi Mwanakuu, mwenye nyumba hii ya kumi na mbili, naye alisema hajambo, akamhimiza amalize kahawa. Hanin aliandika, akaaga. Alipofika mlangoni, bibi akamshika mkono.

"Ukishuka, nipelekee sahani hii kwa dadangu hapo chini. Mimi humteremshia kwa kikapu dirishani, lakini leo kamba imekatika."

"Kwani hushuki, bibi?"

"Tangu Idi. Magoti hayataki ngazi."

"Si umenambia hujambo?"

"Ile ilikuwa salamu, mwanangu. Mgeni hajakaa, nimmwagie maradhi?" Bi Mwanakuu akacheka mpaka ushungi ukamteleza. "Na wewe ukaandika!"

Hanin alipeleka sahani, kisha akasimama kichochoroni akiangalia juu. Alihesabu vikapu saba madirishani. Huenda vingine ni vya uvivu tu, alijiambia, lakini mtu asiyeshuka ngazi hatafika zahanati. Akampigia Lennox, akamweleza.

Lennox alimwomba asubiri kidogo. Aliporudi, alikuwa akicheka.

"Nimewauliza wangu. Wote mia mbili wana vikapu."

"Kabla hujawauliza, alivitaja nani?"

Hanin akasikia vitufe vya kompyuta vikibonyezwa.

"Hakuna," alisema Lennox. "Basi rudi kwenye zile nyumba. Zahanati nitaiambia ingoje."

Hanin alizipanga upya fomu zake. Kila moja aliiongezea mstari kwa kalamu: *aliyoyasema mlangoni*. Kufikia adhana ya Magharibi alikuwa ameijaza mistari mitatu, na kahawa ilikuwa imemfika kooni. Nyumba tisa zikabaki za kesho. Alinunua kamba mpya dukani, akaitia mkobani pamoja na fomu, maana kesho angeanzia kwa Bi Mwanakuu.