Kichupa cha Zuleha

Sisi watu wa maabara tuna kiburi cha kijinga: tukishakielewa kitu, tunadhani dunia nzima imekielewa.

Kituo chetu hapa Ujiji kilikuwa kinajaribu kipimo kipya cha wajawazito. Tone la damu linatiwa kwenye kichupa chenye chembechembe ndogo mno, hata vumbi ni kubwa kuliko hizo. Zikikutana na protini inayotoka kwenye kondo la nyuma lililoelemewa, zinatoa mwanga wa kijani. Mwanga ukizidi, kifafa cha mimba kinanyemelea. Ila kwa kuwa kipimo kilikuwa bado cha majaribio, tulikatazwa kumwambia mgonjwa majibu mpaka daktari ayapitie.

Zuleha alikuja kwa boti kutoka Kagunga na mumewe Zubery, mimba ya miezi saba. Presha ilikuwa imepanda kidogo tu. Nikatia tone, nikazima taa ya chumba. Kichupa kikawaka hadi nikaona kucha zangu.

Zubery akachungulia. Ni mvuvi wa dagaa. Maisha yake yote amevua kwa taa, na kwake taa ikiwaka sana ndipo wavu unapojaa.

"Mashallah!" akasema. "Mke wangu, unaona mtoto anavyong'aa?"

Zuleha akacheka, akashika tumbo. Nami nikatabasamu. Hilo ndilo linalonitafuna mpaka leo. Nikasema, "Rudini kesho asubuhi mumwone daktari," kisha nikaita mwingine.

Hawakurudi. Nani arudi kuulizia habari njema aliyonayo tayari? Walipanda boti mchana ule ule. Daktari alipoyaona majibu alipiga simu siku mbili, haipatikani. Siku ya nne Zuleha alishikwa na kifafa, akafia ziwani wakimleta, yeye na mtoto.

Nililia mpaka nikajichukia. Daktari akaniambia maji yakimwagika hayazoleki, na kanuni ni kanuni. Sawa. Lakini kanuni gani ilinikataza kusema, "Kaka, usifurahi"?

Baada ya arobaini Zubery akaja na mdogo wake, Hidaya, naye mjamzito. Zubery alikuwa amekonda. Hakuwa na kinyongo hata chembe, na hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze.

"Dada Safina, nipimie na huyu. Mtoto wangu alikuwa na heri, Mungu akampenda zaidi. Naomba na wa huyu awake vile vile."

Nikapima, nikazima taa. Kichupa hakikuwaka. Hidaya akaanza kulia.

"Usilie, mdogo wangu," nikamwambia haraka. "Kutowaka ndio uzima. Kikiwaka ni hatari."

Maneno yalishatoka. Zubery alikikazia macho kichupa.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Akamtengeneza Hidaya mtandio kichwani, taratibu.

"Muulize kila kitu," akamwambia. "Usitoke humu mpaka akujibu."

Kisha akaenda kusubiri nje.