Uso wa Kwenye Fulana

Shemeji yangu hajawahi kukanyaga saluni kwangu ila ana lake jambo. Kwa hiyo siku ile alipoingia kwa kuinama, akilikwepa pazia la shanga lisimguse suti, nilijua hapa hakuna heri. Nilikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu ingali timutimu. Sikuacha kusuka. Nilimwangalia kupitia kioo.

"Pole na kazi, shemeji."

"Nishapoa."

Akaweka mfuko wa plastiki juu ya kiti cha kukaushia nywele. "Fulana zenu za mbio hizo. Yako na ya Chiriku. Mwaka huu tumeweka picha ya marehemu, mbele na nyuma."

Marehemu ni mdogo wangu wa damu, aliyekuwa mke wake. Siku daktari alipolitaja neno saratani, huyu bwana alipata safari ya kikazi. Safari ikarefuka, ikaota mizizi, na mwisho ikazaa mke mpya. Alirudi siku ya mazishi na miwani myeusi, akalia kuliko sisi tuliokuwa tukimgeuza mgonjwa kitandani. Hata hajavua viatu vya msibani, akawa mwenyekiti wa mbio za hisani za kuchangia utafiti wa saratani. Utafiti sina ugomvi nao. Watafiti wapewe kila kitu wanachotaka, wajifungie humo maabara mpaka dawa ipatikane. Ugomvi wangu ni na mwenyekiti.

"Jambo jingine," akasema, akijitazama tai kwenye kioo changu. "Mbio zikiisha, Chiriku anahamia kwangu. Chumba kiko tayari. Nitamwita jukwaani aseme kwa mdomo wake mbele za watu, usije ukanitangaza kwamba nimekunyang'anya mtoto."

"Mwenyewe umemuuliza?"

"Mtoto anaulizwa nini? Mimi ndiye baba yake. Umemlea, nashukuru, lakini saluni si mahali pa kukuzia binti."

Nikavuta unywele mpaka mteja akaruka kitini. "Dada ee, hiki ni kichwa changu mimi, si cha huyo!"

Chiriku ni mtoto wa mdogo wangu. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu alianza kusema kabla hajatembea, na tangu hapo hajanyamaza. Niko naye tangu mama yake alipolazwa. Akitoka shule anakaa kwenye kile kiti cha kukaushia, miguu inaning'inia, anasimulia mwalimu kasema nini na nani kamjibu vipi, huku mimi nafagia nywele. Mara nyingi nimemwambia afunge huo mdomo apumzishe dunia. Lakini siku ile, shemeji alipotoka, nilisikia ukimya wa saluni ile bila yeye, nikaogopa. Ningebaki na nani?

Mteja alipoondoka nikafungua mfuko. Fulana nyeupe, maandishi mekundu: TUNAKIMBIA KWA AJILI YAKE. Juu ya maandishi, picha. Nikaigeuza, nikaisogeza dirishani kwenye mwanga, nikaitazama tena.

Ilikuwa sura yangu mimi.

Ngoja nieleze, maana hata mimi ilinichukua muda. Mdogo wangu alipoanza dawa kali za hospitali, nywele zilimtoka kwa mafungu, zikabaki kwenye mto. Nilimshonea wigi kwa mkono wangu, juu ya meza hii hii, uzi kwa uzi. Na ili asijione peke yake, nikachukua mashine nikajinyoa kichwa chote. Msusi mwenye upara! Wateja wengine walicheka, wengine walihama wakidhani nina mkosi. Kaka yetu alipooa, tulishona magauni ya sare, tukapigwa picha tumesimama bega kwa bega, sura zetu zimefanana tangu utoto. Yeye kavaa wigi, kapaka poda na rangi ya mdomo, anang'aa hadi bibi harusi kanuna. Mimi nina upara, na macho yamezama kwa kukesha wodini. Aliyekuwa nasi siku zile anajua nani ni nani. Mgeni angesema mgonjwa ni yule mwenye upara.

Na shemeji alikuwa mgeni. Aliitoa picha kwenye kundi la familia la simu, akaona mwanamke mwenye nywele na mwanamke mwenye upara, akamkata mwenye nywele akamtupa. Hata hakumkata vizuri. Juu ya bega langu ulibaki mkono wa mdogo wangu, umenishika, kucha zimepakwa rangi nyekundu.

Nilicheka mpaka nikashika sinki nisianguke. Kisha kicheko kikageuka, nikaketi chini kati ya nywele za watu nikalia kwa hasira. Mtu umelala naye kitanda kimoja, umezaa naye, halafu umkate umtupe hivi! Nilipoinuka nilikuwa nimeshapanga. Siku ya mbio nitakwenda na upara wangu. Nitasimama chini ya jukwaa lake nimevaa hiyo fulana, bila kusema neno, watu wajionee wenyewe. Nione kama kuna atakayemkabidhi mtoto baada ya hapo. Fulana nikazificha chini ya taulo.

Asubuhi ya mbio nikajinyoa. Nilikuwa nasugua kisogo mbele ya kioo Chiriku alipoingia, kamba za viatu zinaburuzika. Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa neno.

"Mama mkubwa," akasema hatimaye, sauti ndogo. "Na wewe unaumwa?"

Hilo sikulifikiria. Katika hasira zangu zote sikufikiria kwamba mtoto huyu alishamwona mtu mmoja akipoteza nywele, na mtu huyo hakurudi nyumbani. Nikapiga magoti sakafuni, nikamshika mabega.

"Siumwi. Nakuapia, siumwi hata kidole. Njoo uone."

Nikampa fulana. Hakuhitaji kuisogeza dirishani.

"Mbona ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huu ni mkono wa mama." Akaugusa. "Siku ile nilimpaka mimi hiyo rangi, nikachafua na gauni." Akaniinulia macho. "Baba anajua kwamba si mama?"

"Hajui."

"Basi usimwambie. Usimwambie mbele za watu. Niahidi."

Nilitamani kumwambia kwamba baba yake anastahili kuambiwa kwa kipaza sauti. Lakini alikuwa ananitazama na macho yale yale ya mama yake, basi nikaahidi, meno nimeyauma. Akachukua kitambaa, akanifunga kichwani yeye mwenyewe, akakaza fundo mpaka masikio yakauma.

Uwanjani nilikuta nimejaa kila mahali. Wazee wamenivaa, wanafunzi wamenivaa, wauza maji wamenivaa. Mke mpya wa shemeji alinivaa pia, na kwa jinsi fulana ilivyombana kifuani, macho yangu yalitoka kama ya mtu anayekabwa. Akanisogelea na mkono wa pole.

"Alikuwa mzuri sana, dada."

"Bado," nikasema.

Hakuelewa, akaenda kujinyoosha viungo.

Shemeji alikuja na mpiga picha nyuma yake. Chiriku akamkumbatia, na niliona ile furaha yake, ilinichoma. Mtoto anampenda baba yake, ufanye nini. Kisha akaweka kidole kwenye kifua cha baba.

"Baba, huyu ni nani?"

Nikajua alichokuwa anafanya. Alikuwa anampa nafasi.

Shemeji akainama, akalainisha sauti. "Ni mama, mwanangu. Ugonjwa ulimbadilisha mno, ndiyo maana humtambui."

"Na huu mkono?"

Akautupia jicho. "Wa mama mkubwa wako, nadhani. Haya, tazama kamera."

Chiriku akatazama kamera. Hakutabasamu.

Firimbi ikapulizwa, tukakimbia. Mimi na kukimbia ni maji na mafuta. Miguu yangu imezoea kusimama kutwa nzima, si kurukaruka. Mbele yangu kulikuwa na migongo tu, na kila mgongo una uso wangu, unanitazama nikihema. Nilijifukuza barabara nzima sikujipata. Watu walisimama kwenye vibaraza vya maduka wakipiga makofi, wengine wakitia hela kwenye ndoo za mchango, wananionea huruma pale kwenye fulana huku mimi mwenyewe napita na jasho langu bila hata kutazamwa. Chiriku alikuwa anakimbia mbele na baba yake, kamshika mkono, na hakuwa anaongea. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Tuliporudi uwanjani shemeji akapanda jukwaani. Akashukuru wafadhili, akashukuru hospitali, akajishukuru na mwenyewe kidogo. Kisha akashika fulana yake pale penye picha.

"Mke wangu aliteseka," akasema, na sauti ikakatika mahali pake hasa. "Mnavyomwona hapa, ndivyo alivyokuwa siku zake za mwisho. Nilikuwa pembeni yake. Nilimshika mkono mpaka alipokata roho."

Damu ilinipanda mpaka kitambaa kikawa moto kichwani. Aliyemshika mkono ni mimi. Nakumbuka ulivyokuwa mwepesi, nakumbuka ulivyopoa. Mama mmoja kando yangu alianza kulia, na mimi nikabana midomo kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na ahadi ile ilikuwa inanikaba.

"Sasa namwita binti yetu," akaendelea. "Kuanzia leo anarudi kwa baba yake. Njoo mwanangu, uwaambie mwenyewe."

Watu wakapiga makofi. Chiriku akapanda ngazi polepole, akapokea kipaza sauti kwa mikono miwili. Kwanza alimgeukia baba yake.

"Baba, hukuwepo," akasema.

Alikuwa anamwambia yeye tu, lakini kipaza sauti hakina siri. Makofi yakafa moja moja.

"Aliyekuwepo ni mama mkubwa. Na huyu kwenye fulana ndiye yeye, mama mkubwa. Alinyoa nywele ili mama asione aibu. Mama alikuwa na wigi. Mama alikuwa amependeza." Akanitafuta kwenye umati. "Mama mkubwa, vua kitambaa."

Lile fundo lake lilinisumbua mpaka yule mama aliyekuwa akilia akanisaidia kulifungua. Nikasimama hapo na upara wangu. Watu wakanitazama, wakatazama vifua vyao, wakanitazama tena. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Lo! Mbona yu hai?"

Shemeji alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Chiriku akarudi hatua moja nyuma. Alikuwa analia sasa, ila maneno hayakumtoroka, hayajawahi kumtoroka.

"Mama ni huu mkono tu. Kwingine kote ulimkata." Akapangusa pua. "Mimi sihami."

Akamrudishia kipaza sauti kwa adabu, kama alivyofundishwa kumpa mkubwa kitu, akashuka.

Shemeji alinifuata mpaka getini, jasho linamtoka, sauti kaiminya isisikike. "Umemfundisha wewe! Umemjaza sumu mtoto wangu!"

"Mimi alinifundisha kunyamaza," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyeitaka hotuba."

"Umefurahi sasa?"

Nilidhani nitafurahi. Siku zote zile nilikuwa nikimsubiri nimwone amenyong'onyea namna hii, na alikuwa amenyong'onyea kweli. Lakini mtoto alikuwa amening'ang'ania kiunoni, anatetemeka, na mtoto aliyempoteza baba mbele za watu hafurahishi mtu. Sikumhurumia shemeji hata chembe. Nilimhurumia Chiriku, nikamgeuzia shemeji mgongo, pale penye uso wangu.

Siku chache baadaye dereva wake alikuja saluni. Kasema ametumwa, fulana zote zinakusanywa, zinachomwa. Nikamtupia yangu kwa moyo mkunjufu, hata kuifua sikuifua. Ya Chiriku alikuwa ameivaa mwenyewe, amekaa pale kwenye kiti cha kukaushia, miguu inaning'inia.

"Na hiyo, mwanangu," dereva akasema. "Baba anaitaka."

Chiriku akaweka kiganja begani pa ile picha, juu ya zile kucha nyekundu.

"Mwambie baba, mama ameshakatwa mara moja. Inatosha."