Mafuta ya Migebuka

Tk, tk, tk. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagonga gizani, na mtaa wa Ipuli ulikuwa bado haujaamka. Nyamizi alimulika kwa tochi ya simu. Migebuka watatu, samaki wa ziwani walioshuka jana na treni ya Kigoma walikuwa wameshapasuka, mafuta yao ya manjano yakielea juu. Akayachota kijiko kwa kijiko mpaka ikajaa chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi.

Jana alimsikia daktari akimwambia muuguzi, "Huyu aanzishiwe chakula, kile chenye mafuta ya samaki." Huyu ni Luhende, mumewe, fundi baiskeli. Siku ya nne leo yuko wodini, kongosho limevimba, hajatia kitu kinywani. Kwenye daftari lake la baiolojia la masomo ya jioni, Nyamizi alilichora kongosho dogo kama jani la mchicha. Kidude kile ndicho kimwangushe mtu mzima?

Saa moja asubuhi alikuwa wodini, chupa mkononi, binti yake Recheli wa miaka mitano akiwa ameshika pindo la kanga.

"Shikamoo, sista Benedikta."

"Marahaba. Umebeba nini tena, mama Recheli?"

"Mafuta ya samaki. Nimeyachuja mwenyewe."

Muuguzi akanusa chupa, akaangua kicheko, kisha kicheko kikakatika. "Umeshampa?"

"Bado."

"Ushukuru Mungu. Akimeza mafuta, kongosho linaamka limwage maji yake, na maji hayohayo ndiyo yanayolichoma sasa."

"Sasa daktari samaki kamtaja wa nini?"

Benedikta akamwonyesha mrija mwembamba uliotoka puani mwa Luhende. "Huu umepita tumbo, umefika kwenye utumbo mdogo. Chakula kikiingilia huko, kongosho halisumbuliwi sana. Utumbo ukikaa bila kazi ukuta wake unalegea, vijidudu vinapenya kwenda kwenye damu. Hapo ndipo tunapowapoteza watu."

"Na samaki?"

"Wanasema mafuta yake yanatuliza uvimbe, yanautunza na huo ukuta. Bado wanachunguza, hawajamaliza. Wewe na maswali yako, utakuja kutunyang'anya kazi!"

"Nikifaulu," alisema Nyamizi, wala hakuwa anatania.

Luhende akafumbua jicho moja. "Niachieni basi hata harufu."

Chakula chenyewe, cha kopo, kilikuwa stoo. Fomu ilisainiwa tangu jana, kopo halijatoka. Benedikta akamkabidhi nakala. "Nenda wewe, sisi wameshatuzoea. Kisipoanza leo, siipendi hali yake."

Nje ya stoo watu sita walikuwa wameketi kwenye benchi. Hilari, mtunza stoo, alikuwa mezani akimenya chungwa.

"Kopo lipo?" Nyamizi aliuliza, Recheli ubavuni.

"Lipo. Ila funguo kaondoka nazo mkubwa. Yuko semina Dodoma mpaka Jumatatu."

"Leo Alhamisi, kaka. Utumbo wake haungoji."

"Utumbo?"

"Ukikaa bila kazi ukuta unalegea. Vijidudu vinaingia kwenye damu."

Hilari akamtazama kama anayetafuta kasoro kwenye fomu. "Dada, daktari ni wewe?" Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Jiongeze kidogo, tuone nani wa kupigiwa simu."

Neno hilo Nyamizi alilijua: toa kitu kidogo. Mjini hapa nani asiyelijua. Mkobani alikuwa na daftari, nauli ya kurudi na ile chupa. Akaitoa chupa, akaiweka juu ya meza katikati ya maganda ya chungwa.

"Nilichonacho ndicho hiki. Mafuta ya migebuka. Nimeamka saa kumi kuyachemsha, nikaambiwa yangemdhuru. Yanayomfaa ni ya kwako humo ndani."

Mtu mmoja kwenye benchi akaguna. Hilari akacheka bila raha, akainuka kwenda kutupa maganda, shati likapanda mgongoni.

"Mama," Recheli alisema kwa sauti, "funguo anazo kiunoni."