Asali ya Koo

Mumewe alikuwa fundi wa friji aliyekuwa akisomea cheti, na wanafunzi wenzake walimbandika jina la Barafu kabla hawajamwona hata sura. Wangemwonea wapi? Masomo yao yalikuwa ya masafa. Mkufunzi anatuma somo kwenye kundi la simu, na kila mtu anajibu kwa sauti au maandishi akiwa kwake, mmoja jikoni, mwingine nyuma ya kaunta ya duka. Mara moja tu, kabla ya mtihani, ndipo wangekutana ana kwa ana, wafungue mashine kwa mikono yao mkufunzi akiwatazama. Asiyefika, hana cheti.

Siku hiyo Barafu hakuifikia. Kifua kilimbana asubuhi moja kabla yake, jioni wakamfunika shuka.

Waliporudi kutoka makaburini, simu yake ikalia juu ya kabati. Mjane akaisoma. Ni yule wa kundini waliyemwita Mzee wa Waya, kwa kuwa aliwahi kupigwa na umeme na hakuchoka kusimulia. "Barafu, umetugandia wapi leo?"

Alitaka kuandika kwamba mwenyewe hayupo tena. Vidole vikagoma. Nyumba nzima majirani walikuwa wakisema marehemu, marehemu. Humo simuni tu ndimo mumewe alikuwa bado mtu wa kutaniwa. Akaandika kwamba koo linamuuma, hawezi kuongea. Akatuma.

Basi uongo ukaota mizizi. Masomo aliyajua juujuu, maana macho yalimsumbua mumewe, naye ndiye aliyekuwa akimsomea kwa sauti baada ya kula. Akawa anajibu, mara apate, mara akose. Kilichomshinda ni utani. Wenzake walilalamika kwamba Barafu siku hizi amekuwa mpole kama bwana harusi ukweni. Mzee wa Waya alimchokoza kutwa, na asipojibiwa aliuliza koo linaendeleaje.

Mama mkwe alimkuta akitabasamu na simu ile. Hakumgombeza. Alikaa kando yake, akanyoosha kanga magotini.

"Mimi nilimzaa, na nimeshamzika," alisema. "Wewe umemficha wapi, mwanangu?"

Siku ya ana kwa ana ilipotangazwa, alilisoma tangazo mara mbili. Akafikiria kuandika kwamba Barafu amesafiri. Akafikiria kuitupa laini. Mwisho akapiga moyo konde, akaitia simu kwenye mkoba, akaenda. Njiani alijiambia atasema ni mgonjwa. Mgonjwa husubiriwa.

Karakana ilinuka mafuta ya mashine. Friji zilizofunguliwa migongo zilipangwa ukutani, na watu walikuwa wakitambuana kwa sauti, kumbe ni wewe, mimi nilidhani ni jitu la miraba minne. Mbele kulikuwa na stuli moja tupu. Juu yake waliweka kipande cha boksi kilichoandikwa: BARAFU, USIYEYUKE.

Mkufunzi, mama wa makamo mwenye koti la kazi, akamuuliza yeye ni nani. Aliposema ni mke wa Barafu, karakana ikachangamka. Karibu shemeji, karibu wifi, yuko wapi huyo muhuni? Mkufunzi akawanyamazisha, akasema kama koo bado halijapona asiwe na wasiwasi, atamwekea nafasi kwenye kikao kijacho.

Mlango aliouombea njia nzima ukawa umefunguka wenyewe. Alibakiza kuitikia tu.

Ndipo akaja Mzee wa Waya, kumbe ni kijana mwembamba, mdogo kuliko sauti yake, na chupa iliyoviringishwa gazeti.

"Shemeji, hii asali ni ya koo lake. Mama yangu ndiye mwenye mizinga, haijachanganywa na kitu. Mwambie asishushie na maji baridi, maana ubishi wake naujua."

Akaipokea kwa mikono miwili. Bado ilikuwa na joto la mtu. Kijana wa watu alikuwa ameipakata safari nzima, kwa ajili ya koo lililo chini ya udongo. Kwenye simu alikuwa akidanganya kioo. Hapa kulikuwa na macho yanayomngoja.

"Koo lake halikuuma, shemeji," alisema. "Alifariki. Mliyekuwa mkiandikiana naye ni mimi."

Kila mtu akakosa pa kuweka mikono yake. Mzee wa Waya aliuliza tangu lini.

"Siku ile ulipouliza amewagandia wapi. Tulikuwa tumetoka kumzika."

Kijana akageukia ukuta. Mkufunzi alikiinua kile kipande cha boksi, akakishika bila kujua akipeleke wapi, akakirudisha palepale. Walimbembeleza akae nao, akakaa, akawatazama wakifungua mashine kimyakimya. Ile stuli hakuna aliyeikalia.

Nyumbani aliiweka asali juu ya kabati, kando ya simu. Mama mkwe aliitazama chupa, akammiminia chai. Huu ndio wakati ambao kundi lilizoea kuchangamka. Aliisubiri simu mpaka chai ikapoa. Haikulia. Hakuna aliyemtania Barafu tena. Sasa walimheshimu, kama wafu wanavyoheshimiwa.

Akaizima.