Malori Matatu, Stata Moja

"Gari liko njiani," alisema Mama Simu, na gari lenyewe lilikuwa hapo hapo mbele ya macho yake, boneti wazi, fundi kajitosa ndani nusu mwili, miguu inaning'inia nje.

Upande wa pili wa simu, mwenye duka la saruji alishusha pumzi. "Njiani wapi, dada yangu? Tangu juzi liko njiani. Hiyo njia yenu inaishia mbinguni?"

"Linakaribia, baba. Nivumilie kidogo."

Akakata simu na kuibwaga mezani. Jina la Mama Simu alilipata hapo hapo uwanjani, kwenye biashara yao ya malori ya mizigo. Kaka yake alishika usukani, fundi alishika spana, na yeye alishika simu akadanganya watu wazima wenye ndevu zao. Enzi za marehemu baba yao, mteja akiambiwa gari liko njiani alikwenda kufungua mlango wa ghala. Siku hizi akiambiwa hivyo anavuta kiti anakaa.

Baba aliwaachia malori matatu. La kwanza waliliita Babu, na jina lilimfaa. La pili Bi Mkubwa, mpana wa mwili, mwenye kelele kila akipanda kilima. La tatu Kijana, ambaye ujana wake ulikwisha zamani ila hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Baba aliwaachia na desturi pia. Lori moja likikwama, unaazima kifaa kwa mwenzake, unakifunga kitambaa chekundu kisisahaulike, kisha unanunua kipya upesi na cha watu unakirudisha. Kaka mtu alirithi nusu ya desturi. Kuazima alikuweza sana. Kurudisha kulizikwa na mzee. Sasa ukifungua boneti yoyote pale uwanjani unakuta vitambaa vyekundu vimejaa utadhani kuna sherehe.

"Kaka," alisema Mama Simu akitoka ofisini, "meneja wa kiwanda cha unga anakuja asubuhi hii. Umemwambia tuna nini?"

"Nimemwambia ukweli. Tuna malori matatu, yote yanafanya kazi."

"Yote?"

"Kwani uongo? Babu si alitoka wiki iliyopita? Bi Mkubwa si alikwenda kubeba mchanga? Na Kijana huyu hapa, anamaliziwa."

Mama Simu alimtazama kaka yake, akatafuta hata chembe ya utani usoni mwake, asiione. Mtu mzima, baba wa watoto, hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau kabisa.

"Kaka, stata tunazo ngapi?"

Kaka mtu akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia cha kwanza. Pale kwenye boneti, miguu ya fundi ikaanza kutikisika kwa kicheko.

"Moja!" alifoka Mama Simu. "Stata moja na jozi moja ya betri! Akitoka Babu, Bi Mkubwa hana cha kuwashia. Akitoka Bi Mkubwa, Kijana kalala. Hatujawahi kuwasha mawili siku moja tangu sijui lini, na wewe unamwita mtu aje kuona matatu! Mungu wangu, nimekukosea nini?"

Alikuwa na haki ya kufoka. Alikwenda kwa meneja yule mara nyingi mpaka mlinzi wa getini akawa anavitambua viatu vyake kabla hajainua uso. Benki ilikwisha mwambia wazi kwamba akiwa na mkataba wa kubeba unga wa kiwanda mkononi, watamkopesha lori jipya. Jipya, jamani! La kuwashwa kwa ufunguo likawaka. Alilitaka kwa sababu moja tu, aseme gari liko njiani na liwe njiani kweli.

Kaka yake lori jipya hakutaka hata kulisikia. "Mkopo ni kitanzi," ndiyo ilikuwa kauli yake kila siku, na leo aliirudia. "Haya yamekwisha lipiwa. Hayadaiwi na mtu."

"Hayadaiwi, ila yanakula!" Mama Simu naye hakuwahi kuliacha likapita. "Yanakunywa dizeli na oili kama yana kiu ya milele. Kila mwezi tunalipia kuvutwa. Fundi anakula hapa kuliko watoto wako. Hilo deni la mkopo lina mwisho, Kaka. Hili la kwako linaisha lini?"

"Dada, mimi nakula kidogo tu," alisema fundi kutoka ndani ya boneti.

"Nyamaza wewe!"

Fundi akajitoa nje akifuta mikono. Alikuwa na macho ya mtu mwenye hila. "Injini za dizeli za kizamani hizi," alisema, "zikishawaka hazina habari na betri. Wala stata. Tunamwasha Babu, tunamwacha akinguruma, tunamvua stata na betri, tunamvisha Bi Mkubwa. Halafu Kijana. Meneja anakuta yote matatu yananguruma. Anaandika, anakwenda zake."

Kaka mtu alimpiga fundi begani kwa furaha. Mama Simu alishika kichwa. Lakini wazo jingine hakuwa nalo, na saa zilikuwa zinakwenda.

Wakafanya hivyo. Babu akawaka kwa kukohoa, akafukiza uwanja mzima moshi. Fundi akajilaza chini yake na spana, huku injini ikinguruma juu ya pua yake, kazi ambayo mama yake angeiona angezimia. Stata ikahamia kwa Bi Mkubwa, kisha kwa Kijana. Hatimaye yote matatu yakawa yananguruma kwa pamoja, milango ya ofisi ikitetemeka, na kaka mtu akasimama katikati kifua mbele.

Meneja akachelewa.

Akachelewa sana. Malori yakaendelea kunywa dizeli bure, yamesimama. Mama Simu alikuwa anakwenda getini na kurudi, getini na kurudi, akisonya kila hatua. Babu alipoanza kukohoa kwa kuishiwa mafuta, kaka mtu alikimbia na dumu akammiminia dizeli ya akiba.

Mwishowe meneja akaingia, mwanamume mwembamba, mpole, shati limepigwa pasi vizuri. Akazunguka malori, akagonga tairi, akachungulia bodi. Uso wake ukaonyesha kuridhika. Mama Simu akaanza kupata matumaini.

"Mazuri!" meneja alipaza sauti. "Sasa zimeni, tuzungumze! Sisikii kitu!"

Kaka mtu akajitia kiziwi.

"Zimeni! Halafu nataka kusikia yanavyowaka!"

"Aa, mkuu, haya hayazimwi ovyo!" alijibu kaka mtu, jasho likimtoka. "Injini ikizimwa kila mara inachoka! Tunayaacha yapate moto vizuri!"

Meneja akakunja uso. Akamgeukia Mama Simu, aliyemzoea kwa kumwona kiwandani kwake. "Ni kweli, mama?"

Jibu alikuwa nalo ulimini, tayari, laini, ameshalizoea miaka yote. Ni kweli, baba. Angelisema na mkataba ungekuwa wake, na lori jipya lingekuja. Na Jumatatu, siku ya kazi kuanza, meneja angekaa kiwandani na unga wake akisubiri malori matatu, na yeye angekuwa ofisini na simu sikioni, anasema liko njiani. Hasira zikampanda. Alichoka. Alichoka, alichoka, alichoka!

Akamsukuma kaka yake pembeni, akapanda kwa Babu, akazima. Akapanda kwa Bi Mkubwa, akazima. Akamzimia na Kijana.

Kimya kikatanda uwanja mzima.

"Tuna malori matatu na stata moja," alisema, bado amesimama kwenye ngazi ya Kijana. "Hili litawaka. Hayo mengine hayawaki mpaka hili livuliwe. Huo ndio ukweli."

Meneja alimtazama kaka mtu, akamtazama fundi, aliyekuwa anachunguza kucha zake. Hakucheka. "Mimi la kuanzia moja lingenitosha," alisema. "Aliyetaja matatu ni kaka yako. Ninachotaka ni nikiambiwa linakuja, lije." Akafikiri kidogo. "Jumatatu alfajiri, lori moja. Mwezi ukiisha halijakosa siku, tunaandikiana mkataba. Likikosa, msinipigie simu."

Alipotoka, kaka mtu aliketi juu ya tairi bovu. "Umetuumbua," alisema.

"Nimetuumbua, ndiyo. Fundi! Injini nzuri ni ipi?"

"Ya Kijana. Giaboksi ya Bi Mkubwa ni nzuri zaidi. Na springi za Babu hazijawahi kukatika."

"Yafanye yote lori moja. Yatakayobaki nampigia mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndicho kianzio cha lori jipya."

"Babu naye?" aliuliza kaka yake, sauti imeshuka.

"Babu naye, Kaka."

Kazi ikaanza. Springi ya kwanza ilipotolewa kwa Babu, kaka mtu alisimama bila kuambiwa, akachukua kitambaa chekundu, akaanza kuifunga. Mama Simu alimwona, na hasira zote zikamwisha ghafla.

"Cha nini, Kaka?" alimwuliza taratibu. "Inarudishwa kwa nani?"

Kaka yake aliuangalia mkono wake. Akakifungua kile kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni.

Simu ikalia mezani. Mwenye duka la saruji. Mama Simu hakuipokea. Akamletea kaka yake, akamwekea kiganjani. "Leo ongea wewe."

Kaka mtu aliiweka sikioni. "Shikamoo, mzee... Ndiyo, ndiyo... Gari liko nji..." Akasita. Akayatazama malori matatu yaliyofunguliwa, moja baada ya jingine, akamaliza kwa Babu.

"Hapana," alisema. "Haliko njiani, mzee wangu. Liko hapa, ni bovu. Tafuta gari jingine leo, na unisamehe."